Nasaha kwa Mtahiniwa Aliyekutana na Swali Tata

Binti mmoja niliyemfundisha lugha ya Java kwa muda wa miezi minane, mwenye akili ya kupambanua mambo na subira ya kukaa na kosa moja la programu tangu alasiri hadi baada ya isha, alirudi kutoka chumba cha mtihani akiwa amepungukiwa na majibu mawili tu ya kumfikisha kwenye kiwango cha kufaulu, na nilipomwuliza ni wapi palipomwelemea alinijibu kwamba hakuelemewa na jambo lolote asilolijua, ila alikwama mbele ya swali alilolijua kupita kiasi. Alikaa nalo dakika saba, kwa kukisia kwake, akiligeuza huku na huku, na muda ulipomalizika maswali matano ya mwisho yalikuwa hayajasomwa. Kwa ajili yake nimeandika makala haya, na kwa ajili ya vijana wetu wengine wa Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na kwingineko, ambao hukusanya ada isiyo ndogo, wengine kwa kuchangiwa na jamaa, ili wapate hati ya kuthibitisha kwamba ni watunga programu wa kutegemewa.

Swali lenyewe hakunisimulia, wala mimi sikumtaka anisimulie, kwa kuwa kila mtahiniwa wa mitihani ya namna hii hukubali kwa ahadi kutoyatoa nje maswali aliyoyaona. Lakini aina yake naijua, maana imejaa katika vitabu vya mazoezi. Tuchukue mfano ulio mkongwe kuliko yote: mtahiniwa huonyeshwa mstari mmoja, String s = new String("pwani"); kisha huulizwa ni vitu vingapi vinavyoundwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Anayesoma juu juu atajibu kimoja, kwa sababu neno new limeandikwa mara moja. Aliyesoma zaidi atajibu viwili, kwa sababu neno "pwani" lililo ndani ya alama za kunukuu ni kitu chenyewe, kinachowekwa katika hazina ya maneno ya mashine ya Java, na new huunda kingine kando yake. Naye aliyesoma zaidi ya huyo atanyamaza kwanza, kisha atauliza: je, neno hilo lilikwisha kutajwa mahali pengine katika programu kabla ya mstari huu? Maana kama lilikwisha kutajwa na kuwekwa hazinani, mstari huu hauundi ila kitu kimoja. Kwa hiyo wa kwanza na wa tatu waweza kukutana katika jibu lile lile, mmoja kwa kutojua na mwingine kwa kujua sana, na karatasi haitawatofautisha kamwe.

Wanafunzi wetu wa Kiswahili wanaijua vema maana ya utata. Mwalimu akiandika ubaoni sentensi "Tuliitwa na Hamisi", mwanafunzi hodari atasema kwamba huenda Hamisi ndiye aliyetuita, na huenda Hamisi naye aliitwa pamoja nasi, na kwa kuziona njia zote mbili hupewa alama. Mtihani wa kuchagua hauna nafasi ya fadhila hiyo. Humo aliyeona maana mbili na aliyeona moja hupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni kuitia alama ile maana iliyokuwa moyoni mwa mtahini alipoliandika swali. Basi kazi ya mtahiniwa mbele ya swali tata ni kupeleleza dhamira, kama kadhi anavyopeleleza maneno ya wasia ambao mwenyewe hayupo tena kuulizwa: yaliyoandikwa yana uzito, mpangilio wake una uzito, na hata kilichoachwa kuandikwa kina uzito wake.

Lakini kabla ya hayo yote, sharti mtu ajishuku nafsi yake. Kwa miaka niliyofundisha nimeona kwamba aghalabu ya maswali yanayoitwa tata hayana utata wowote, na shubuha imo katika msomaji aliyeleta kanuni za lugha moja kuhukumia lugha nyingine. Mathalan, kigeu i kikiwa na thamani ya 5, kisha programu ikaandika i = i++ + ++i, mtu aliyelelewa katika lugha ya C atasema kwamba swali hili halina jibu, naye kwa upande wa C amesema kweli, maana kanuni rasmi za lugha hiyo haziweki mpaka wa jambo hilo, na kila kompaila ina ruhusa ya kufanya itakavyo. Akiisema kauli hiyo katika mtihani wa Java amekosea kabisa, kwa kuwa Java huamuru hesabu zifanywe kutoka kushoto kwenda kulia: upande wa kushoto hutoa 5 na kukiacha kigeu na 6, upande wa kulia hukipandisha hadi 7 na kutoa 7, na jumla ni 12, leo na kesho, katika kila mashine. Nasikitika kusema kwamba nimeona karatasi za vyuo ambamo swali hilo hilo limeulizwa kwa lugha ya C, na jibu lililowekwa kuwa sahihi ni tarakimu iliyoonekana kwenye kompyuta ya mwalimu siku ile. Hapo utata ni wa kweli, na mwenye lawama si mwanafunzi.

Mfano huo unatufikisha kwenye kiini cha jambo. Kila swali la programu lina mamlaka mawili yanayoweza kugombana juu yake, yaani sheria ya lugha kama ilivyoandikwa, na mwenendo wa mashine iliyo mezani. Kwa upande wa Java sheria imo katika kitabu cha maelezo ya lugha ambacho toleo lake la kwanza liliandikwa na James Gosling, Bill Joy na Guy Steele mwaka 1996, na ambacho hutengenezwa upya kwa kila toleo la lugha. Nani basi afuatwe pale wawili hao wanapotofautiana? Tazama vigeu viwili vya aina ya Integer, kila kimoja kimepewa thamani 127, vikalinganishwa kwa alama ==. Jibu ni kweli, kwa kuwa sheria inaamuru namba za kuanzia -128 hadi 127 zihifadhiwe katika akiba na kutumiwa kwa pamoja, hivyo vigeu viwili vinaelekea kitu kimoja. Badilisha thamani iwe 1000, na karibu kila kompyuta itajibu si kweli. Walakini sheria haikusema kwamba akiba ikome pale kwenye 127. Imesema isipungue hapo, na ikaacha ruhusa ya kuhifadhi zaidi, na ipo mashine ya Java inayoweza kuagizwa kuipanua akiba hiyo kwa neno moja tu wakati wa kuiwasha. Mtahiniwa anayejua haya ana haki ya kusita. Lakini asisite bila kuangalia machaguo.

Machaguo ni sehemu ya swali, nayo ndiyo shahidi mkubwa kuliko wote. Ikiwa chini ya swali lile la 1000 yameandikwa manne, kwamba itachapishwa kweli, au si kweli, au programu haitakubaliwa na kompaila, au itavunjika ikiwa njiani, basi mtahini amekwisha kukuonyesha kwamba hakufikiria habari za kupanua akiba, na jibu ni si kweli. Ikiwa chaguo mojawapo linasema kwamba matokeo hayana dhamana, mlango umefunguliwa kwa makusudi, na mtu aingie humo kwa makini, akijiuliza kama mtahini anapima sheria au anapima mazoea. Kadhalika kwa lile swali la "pwani": ikiwa mistari ya juu yake imekwisha kulitaja neno lile lile, mtahini hakuliweka hapo kwa bahati, na jibu alitakalo ni kimoja; ikiwa mstari umesimama peke yake, na kimoja na viwili vyote vimo katika machaguo, aghalabu yeye anapima kama unaijua hazina ya maneno, na jibu ni viwili. Huo ndio ushauri ambao ningependa binti yule angekuwa nao siku ile, maana ungemwokolea dakika sita.

Kuna utata mwingine unaoletwa na umri wa swali. Lugha za programu hukua, na swali lililokuwa na jibu moja mwaka 2013 laweza kuwa na jibu la kinyume mwaka uliofuata. Zamani kila mwalimu alifundisha kwamba kiolesura cha Java hakiwezi kuwa na methodi yenye mwili. Java 8 ilipotoka mwezi Machi 2014 fundisho hilo likawa batili. Zamani tuliapa kwamba programu haianzi bila methodi main iliyotangazwa kwa maneno public na static. Java 25, iliyotoka Septemba 2025, imelegeza sharti hilo. Katika lugha ya Python, 5 / 2 ilikuwa 2 katika toleo la pili na ni 2.5 katika toleo la tatu. Kwa hiyo hodari wa leo, anayefanya kazi kwa toleo jipya kila siku, anaweza kuanguka katika mtihani wa toleo la zamani kwa kuwa mbele ya karatasi. Soma jina la mtihani, shika namba ya toleo, na kwa muda wa majuma ya mwisho ya maandalizi tumia toleo hilo peke yake katika kompyuta yako, hata kama ofisini mnatumia lingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watahiniwa hulipuuza kuliko yote, nalo ni masharti yasiyoandikwa ndani ya swali. Oracle, walioinunua kampuni ya Sun Microsystems iliyoizaa Java, walipotangaza mtihani wa Java 8 waliambatisha maelezo ya namna ya kuyachukulia mapengo. Walisema kwamba kama kipande cha programu hakionyeshi pakiti wala maagizo ya kuingiza klasi za nje, na swali halikuyagusa mambo hayo, mtahiniwa achukulie kwamba klasi zote zimo katika pakiti moja au maagizo yanayohitajika yapo. Walisema kwamba mstari uliokatika mahali pasipotarajiwa uhesabiwe kuwa umekunjwa kwa ufinyu wa skrini, usidhaniwe kuwa kosa. Na kwamba kipande kilichotolewa bila mazingira yake kichukuliwe kuwa kimezungukwa na kila kinachohitajika ili kikubaliwe na kompaila na kifanye kazi. Walisema hata maneno ya maelezo, kama yale ya kudokeza kwamba methodi fulani zimeandikwa hapa, yaaminiwe jinsi yalivyo. Maneno haya machache yanafuta kundi zima la shubuha. Mtu asiyeyajua huona agizo la kuingiza halipo, akachagua "haitakubaliwa na kompaila" kwa furaha ya mwindaji aliyemwona paa, kumbe hapakuwa na paa. Wajibu wa kwanza wa mtahiniwa, kabla hajafungua kitabu cha mazoezi, ni kutafuta masharti ya namna hii kwa mtihani wake, kuyaandika kwa mkono wake, na kuyahifadhi moyoni kama anavyohifadhi kanuni za lugha yenyewe.

Baada ya masharti, maneno madogo. Mitihani hii huja aghalabu kwa Kiingereza, na kwa msemaji wa Kiswahili hatari imo katika vile vitenzi vyepesi vinavyotenganisha kinachowezekana na kilicho lazima. Swali la uzoaji taka katika kumbukumbu ni kielelezo kizuri. Kigeu kilichoshika kitu kikiwekwa null, na hapana kigeu kingine kinachokifikia kitu hicho, kitu hicho kinastahili kuzolewa. Hilo ni hakika. Kwamba kitazolewa sasa hivi si hakika, hata programu ikiita System.gc, kwa sababu wito huo ni ombi ambalo mashine haikulazimishwa kulitimiza mara moja. Chaguo linalosema "kinastahili" ni sahihi, na linalosema "kitazolewa" si sahihi, na tofauti yao katika Kiingereza ni neno ambalo jicho lenye haraka hupita juu yake. Ndiyo maana huwashauri wanafunzi wangu wakati wa mazoezi walifasiri kila chaguo kwa Kiswahili, kwa sauti, wakitia "huweza", "sharti", "kila mara" na "kamwe" mahali pake. Zoezi hilo la majuma machache huyazoesha macho, na chumbani jicho husimama lenyewe penye neno hilo.

Haya yote hayaondoi ukweli kwamba baadhi ya maswali yatabaki tata hata baada ya uchunguzi, na hapo yahitajika hesabu baridi. Mtihani wa Java 17 una maswali 50 kwa dakika 90, na kiwango cha kufaulu ni asilimia 68. Fungu la kila swali, basi, ni dakika moja na sekunde 48, na anayepata majibu 34 amefaulu, maana yake anaweza kupoteza maswali 16 na bado akatoka na hati mkononi. Swali moja tata lina thamani ya moja katika hamsini. Dakika saba zilizotumika juu yake ni karibu mafungu manne, na maswali matano yasiyosomwa ni gharama ambayo hapana swali duniani linaloistahili. Kwa hiyo ukisoma mara mbili na bado unaona njia mbili, chagua ile iliyo karibu na kanuni ambayo swali linaelekea kuipima, liwekee alama ya kurudiwa, uendelee. Usiliache tupu, maana mitihani mingi ya namna hii haikati alama kwa jibu lililokosewa. Hakikisha hilo katika maelezo ya mtihani wako kabla ya siku yenyewe.

Ukirudi mwishoni ukaona sababu ya kubadilisha jibu, libadilishe bila woga. Wazee wetu wa shule walituusia kwamba jibu la kwanza ndilo la kweli, nami niliuamini usia huo miaka mingi, lakini Justin Kruger na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, walichunguza karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Illinois, wakaona kwamba karibu nusu ya mabadiliko yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi, na robo tu yalitoka kwenye usahihi kwenda kwenye kosa. Kinachotuhadaa ni uchungu, kwa sababu jibu sahihi tulilolifuta tunalikumbuka muda mrefu kuliko kosa tulilolirekebisha. Ila sababu iwe sababu: umekumbuka kanuni, au swali jingine limekufumbua macho. Hofu ya dakika za mwisho haihesabiwi.

Juu ya maswali ya wizi yanayouzwa mitaani kwa jina la maswali halisi ya mtihani, nitasema machache. Kuyatumia ni kuvunja ahadi, na hati inaweza kufutwa. Isitoshe majibu yake mara nyingi huwekwa na watu wasiojua, na swali tata likinakiliwa vibaya huzaa utata wa pili ambao haukuwamo.

Na mtihani ukiisha, mwenye yakini kwamba swali lilikuwa na kasoro asinung'unike barazani tu. Mtihani ukiwa na nafasi ya kutoa maoni, aitumie humo humo chumbani; ukiwa na ofisi ya malalamiko, awaandikie mapema wakati kumbukumbu ni mpya, kwa njia yao rasmi wala si hadharani. Barua nzuri haisemi "swali lilinionea". Inataja mada na mahali swali lilipokaa, inaeleza maana mbili zinazotoka katika maneno yale, inataja kanuni ya lugha inayounga mkono kila moja, na inaeleza kwa sentensi moja neno ambalo lingeongezwa ili maana moja ibaki. Watahini wenye bidii huithamini barua hiyo, maana wao wenyewe huyatafuta maswali mabovu: katika mtihani wa AWS wa watunga programu wa daraja la kati, kwa mfano, kati ya maswali 65 yapo 15 yasiyohesabiwa alama, yanayojaribiwa tu kabla ya kuaminiwa, na mtahiniwa hajui ni yapi. Swali ambalo hodari na dhaifu hulijibu sawasawa, au ambalo hodari hugawanyika juu yake, hujidhihirisha katika takwimu. Huenda basi lile lililokunyima usingizi halikuhesabiwa kabisa.

Binti yule aliandika barua ya namna hiyo, ukurasa mmoja, kisha akaipunguza mwenyewe hadi nusu. Tangu hapo, kila ninapotunga swali la kuchagua kwa darasa langu, ninaiendesha programu yake katika matoleo mawili ya lugha, naandika juu ya karatasi toleo ninalolikusudia, kisha nampa yeye alisome bila kumwonyesha jibu. Akiniuliza, "Mwalimu, unakusudia mstari huu peke yake, au na ule wa juu?" naliondoa, ijapokuwa nililipenda.